Kálmán Kandó, enjenia aliyetaka treni na mji vitumie umeme mmoja

Kivu ya Kaskazini haina reli. Mkaaji wa Ngungu anayetaka kuona treni ya umeme ya Kongo anapaswa kwenda mbali, mpaka Katanga, kwenye reli ya Lubumbashi, Likasi, Tenke, Kolwezi na Kamina. Kule waya za umeme zilianza kupita juu ya reli mwaka 1952. Wengi wanajua kama reli ile ilijengwa wakati wa Wabelgiji juu ya shaba. Wachache wanajua kama aina ya umeme inayokimbiza treni zile inatoka kwenye mawazo ya mtu wa Hungaria, aliyekuwa amekwisha kufa miaka 21 mbele ya waya za kwanza kusimamishwa kule.

Mtu huyo ni Kálmán Kandó. Kwao Hungaria jina lake liko kwenye chuo cha maenjenia mjini Budapest, na uwanja ulio mbele ya stesheni kubwa ya Miskolc unaitwa kwa jina lake. Huku kwetu jina lake halisikiki. Lakini jambo alilolipigania lingali jambo la kila siku katika inchi yetu: umeme mmoja, watumiaji wengi, na nani anaangalia ili utoshe kwa wote.

Kijana wa kiwanda cha Ganz

Kandó alizaliwa mwezi wa saba mwaka 1869 mjini Pest, miaka minne mbele ya Pest, Buda na Óbuda kuunganishwa na kuwa mji mmoja wa Budapest. Alisoma uenjenia wa mashini katika chuo kikuu cha ufundi cha mji huo, akamaliza mwaka 1892. Alifanya utumishi wa kijeshi upande wa majini, kisha akaenda Ufaransa kufanya kazi katika kampuni ya Fives-Lille. Huko alijifunza sana mota za umeme, zile zisizokuwa na brashi za kusuguana ndani, ambazo haziharibiki ovyo.

Mwaka 1894 András Mechwart, mkubwa wa kiwanda cha Ganz cha Budapest, alimwita arudi nyumbani. Ganz hakikuwa kiwanda kidogo. Katika mwaka 1885 maenjenia wake watatu, Károly Zipernowsky, Ottó Bláthy na Miksa Déri, walikuwa wametengeneza transfoma ya aina ile inayotumika mpaka leo katika kabine za umeme za mitaa yetu. Transfoma ndiyo inayoruhusu umeme kusafiri mbali ukiwa na nguvu kubwa, halafu kushushwa karibu na nyumba. Kandó alikuta watu wanaojua kusafirisha umeme. Yeye akauliza kama umeme huo hauwezi kuvuta treni.

Siku zile treni za umeme zilikuwa ndogo: tramu za mjini, vipande vifupi vya reli. Reli kubwa zote zilikuwa za mvuke na makaa ya mawe. Kandó alianza polepole. Walijenga njia fupi ya majaribio kwenye kisiwa cha Óbuda, na mwaka 1898 tramu ndogo ya aina yake ikaanza kutembea Évian, Ufaransa. Ilikuwa ni kazi ya mita mia chache tu, lakini ilionyesha kama jambo linawezekana.

Maji ya mlima yanavuta treni

Nafasi kubwa ilitoka Italia. Kaskazini ya inchi ile kuna bonde linaloitwa Valtellina, chini ya milima mirefu. Italia haikuwa na makaa ya mawe ya kutosha, ililazimika kununua ya inje kwa bei kali. Lakini maji yanayoshuka mlimani yalikuwa mengi. Mtu wa Masisi anaelewa hali hiyo bila kuelezwa sana: mafuta ya gari yanatoka mbali, mito inapita mlangoni.

Kandó na wenzake wa Ganz walipewa kazi ya kuweka umeme kwenye reli ya kilometa zaidi ya mia moja, kutoka Lecco kupitia Colico mpaka Sondrio na Chiavenna. Walijenga kituo cha umeme wa maji karibu na Morbegno, kwenye mto Adda. Umeme ulitoka pale ukiwa na volti 20.000, ukapita kwenye kabine zilizopangwa kando ya reli, zikaushusha mpaka volti 3.000 kwa treni. Tarehe 4 mwezi wa tisa mwaka 1902 reli ikafunguliwa. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza duniani reli kubwa kukimbizwa kwa umeme wa kubadilika wenye volti nyingi namna ile.

Kwenye reli hiyo mota za Kandó zilionyesha jambo ambalo watu wa milima watalipenda. Lori lililobeba viazi likishuka kutoka Ngungu kuelekea Sake, dereva anakanyaga freni mpaka zinatoa harufu. Nguvu yote ya mzigo unaoshuka inapotea bure kwa kuwa moto. Mota ya Kandó haikufanya hivyo. Treni ikianza kuisukuma mota kupita mwendo wake wa kawaida, mota inageuka yenyewe kuwa jenereta. Inashika treni isikimbie, na wakati uleule inarudisha umeme kwenye waya. Treni nyingine inayopanda inaweza kuutumia. Mzigo unaoshuka unasaidia kupandisha mzigo mwingine.

Lakini hapo ndipo tatizo jipya lilionekana. Umeme haukai kwenye mfuko kusubiri mtu. Ukirudishwa, lazima awepo wa kuutumia muda uleule. Na treni tatu nzito zikianza kupanda pamoja, kituo cha umeme kinaweza kulemewa. Reli ya mvuke haikujua shida hiyo, sababu kila mashini ilibeba makaa yake yenyewe. Kwenye reli ya umeme, treni zote zinakula kwenye sahani moja. Tangu siku zile ikajulikana kama reli ya umeme inaomba watu wawili wa kuangalia: mmoja anaangalia treni, mwingine anaangalia umeme, na wote wawili wanapaswa kusikilizana.

Nyumbu wa Giovi

Mwaka 1905 serikali ya Italia ilichukua reli mkononi mwake. Ikataka mashini ziwe zinatengenezwa ndani ya inchi. Kandó akahamia Italia pamoja na wenzake mwaka 1907, akafanya kazi katika kiwanda cha kampuni ya Westinghouse kule Vado Ligure, karibu na bahari.

Kazi yao iliyojulikana zaidi ilikuwa kwa ajili ya reli ya Giovi, inayopanda kutoka bandari ya Genoa. Ni mlima mkali: kwa kila mita 1.000 za mwendo, reli inapanda mita 35. Tena kuna tunel ndefu. Mashini za mvuke zilikuwa zinajaza tunel moshi. Mwaka 1898 wafanyakazi wa treni moja walizimia ndani kwa sababu ya moshi, treni ikarudi nyuma bila mtu wa kuishika, watu zaidi ya kumi wakakufa. Kwa hiyo umeme pale ulikuwa jambo la kuokoa maisha.

Mashini ya Kandó iliitwa E550. Ilikuwa na magurudumu kumi ya kuvuta, haina haraka, lakini haichoki. Waitaliano wakaipa jina la utani: nyumbu wa Giovi. Zilitengenezwa 186. Kwa kupanda, zilivuta mizigo ya bandari bila moshi. Kwa kushuka, zilirudisha umeme kama zile za Valtellina.

Vita, na makaa yaliyopotea

Mwaka 1915 Italia iliingia vitani dhidi ya Austria-Hungaria. Kandó, ambaye alikuwa amejenga reli za Italia miaka mingi, ghafla akawa mtu wa upande wa adui. Alirudi kwao, na baadaye akaongoza kiwanda cha Ganz.

Vita ilipomalizika, Hungaria ilibaki kama mtu aliyenyang'anywa shamba. Kwa mkataba wa Trianon wa mwaka 1920 ilipoteza sehemu kubwa ya ardhi yake, pamoja na machimbo na misitu. Makaa yaliyobaki mengi yalikuwa ya hali ya chini, yanatoa moshi mwingi na moto kidogo. Kuyatia ndani ya mashini ya treni ilikuwa hasara. Lakini yanaweza kuchomwa vizuri mahali pamoja, ndani ya kituo kikubwa cha umeme kilichojengwa karibu na machimbo. Kandó aliona kama njia ya kuponyesha reli ya inchi yake ni hiyo.

Mwaka 1922 aliacha ukubwa wa kiwanda ili apate muda wa kazi moja tu.

Wazo lenyewe

Ili kuelewa wazo lake, inaomba kujua mambo yalikuwaje. Umeme wa mji na viwanda vya Ulaya ulikuwa umeanza kufuata kipimo kimoja: hertz 50, ndiyo kusema unaenda na kurudi mara 50 kwa kila sekunde. Ndio huo unaotumika Goma, Bukavu na Lubumbashi mpaka leo. Lakini mota za treni za siku zile hazikuupenda. Kwa sababu hiyo, mwaka 1912 reli za Ujerumani zilikubaliana juu ya umeme wa aina nyingine, wa polepole, chini ya hertz 17; Uswisi na Austria wakafuata njia hiyohiyo. Matokeo yake reli iliomba vituo vyake vya umeme, waya zake za kusafirishia, na mashini za kugeuza umeme. Kwa inchi tajiri hilo liliwezekana. Inchi maskini ingelipa mara mbili: umeme wa watu, na umeme wa treni.

Kandó alikataa gharama hiyo. Alitaka treni ichukue umeme uleule wa mji, bila kituo cha pembeni, kwa waya mmoja tu juu ya reli. Wengi wa maenjenia wenzake waliona kama haiwezekani. Yeye akaweka mgeuzo ndani ya treni yenyewe: mashini kubwa inayozunguka, inayopokea umeme wa waya mmoja na kuutoa kama umeme wa awamu kadhaa unaofaa kwa mota yake. Volti alizipandisha mpaka 16.000. Hiyo ilikuwa na maana kubwa. Volti zikiwa nyingi, waya unaweza kuwa mwembamba na kabine zinaweza kukaa mbali moja na nyingine.

Mwaka 1923 mashini ya kwanza ilijaribiwa kwenye kipande cha reli kati ya Budapest na Alag, kilometa 15 hivi. Ilitembea, lakini ilikuwa na kasoro. Kandó akarudi kwenye karatasi, akabomoa, akajenga tena. Miaka ilipita. Mwishowe reli za Hungaria zikakubali kuweka umeme kwenye njia kuu ya kutoka Budapest kuelekea Vienna.

Kuangalia umeme kutoka mbali

Njia hiyo, mpaka mpaka wa Hegyeshalom, ina kilometa karibu 190. Kituo cha umeme kilikuwa Bánhida, kwenye machimbo ya makaa. Umeme ulitoka huko ukiwa na volti 110.000, ukaingia katika kabine kubwa nne tu: Torbágy, Bánhida, Nagyszentjános na Horvátkimle. Nne kwa reli nzima. Hiyo ndiyo ilikuwa faida ya wazo la Kandó.

Lakini sahani moja ikawa ya watu wengi zaidi. Sasa treni ilikula pamoja na kiwanda, hospitali na nyumba za watu. Treni inachukua umeme kwa vishindo: inaanza, inasimama, inapanda. Ikifanya vibaya, taa za mji zinapepesa. Kandó alilijua hilo, na mashini yake ya kugeuza ilipangwa ili isisumbue mtandao, ivute umeme kwa utulivu.

Kuna jambo lingine. Umeme wa mtandao mkubwa una awamu tatu, lakini waya wa treni unachukua sehemu tu ya awamu hizo. Kila kabine ikivuta upande uleule, mtandao unainama kama pikipiki iliyopakiwa mzigo upande mmoja. Kwa hiyo kwenye reli za aina hii kabine zinapeana zamu: hii inavuta upande huu, ile upande mwingine. Katikati yao waya unakatwa kipande kisichokuwa na umeme, na dereva anapita pale akiwa amezima mota.

Zamani kazi ya kuangalia haya yote ilifanywa na watu waliokaa ndani ya kabine, wakipigiana simu. Fulani anafungua disjonkteri, fulani anafunga. Baadaye zikaja njia za kuamuru kabine kutoka mbali. Leo kazi hiyo iko katika chumba kimoja, mbele ya kompyuta. Mwangalizi anaona kila kabine ya reli: ipi ina umeme, ipi imekatika, volti ngapi, treni zinakula kiasi gani. Waya ukianguka, anazima kipande kile tu na kuacha vingine viendelee. Mafundi wakitaka kupanda, anakata umeme na hakuna anayegusa waya mpaka umehakikishwa kuwa umekufa na umefungwa kwenye udongo. Na umeme ukiwa haba, anasikilizana na waangalizi wa treni ili zile nzito zisianze kwa wakati mmoja. Bila chumba hicho, reli ya Kandó ni waya tu.

Hakuiona ikitembea

Kálmán Kandó alikufa mjini Budapest tarehe 13 mwezi wa kwanza mwaka 1931, kwa ugonjwa wa moyo. Alikuwa na miaka 61. Mashini zake mpya, zilizoitwa V40, zilikuwa zingali zinatengenezwa. Mwaka 1932 zikaanza kuvuta treni kutoka Budapest mpaka Komárom, na mwaka 1934 zikafika Hegyeshalom. Zilikuwa na mwendo wa ngazi nne: kilometa 25, 50, 75 na 100 kwa saa.

Mashini ile inayozunguka haikuishi sana. Ilikuwa nzito, na baadaye vifaa vidogo zaidi vikachukua kazi yake. Kilichoishi ni wazo. Wajerumani walijaribu hertz 50 kwenye reli ya mlimani ya Höllental mwaka 1936. Baada ya vita ya pili, eneo lile lilikuwa mikononi mwa Wafaransa. Maenjenia wao walilichunguza, na Louis Armand, mkubwa wa reli za Ufaransa, akalipigania wazo hilo. Wakafanya jaribio lao katika Savoie, kati ya Aix-les-Bains na La Roche-sur-Foron, si mbali na Évian ambako Kandó alikuwa ameweka tramu yake mwaka 1898. Kisha ikapatikana volti 25.000, ambayo leo ni kipimo cha dunia.

Mpaka Katanga

Kongo haikusubiri nyuma. Kampuni ya BCK ilikuwa na reli ya kubeba shaba, na makaa yalikuwa shida. Umeme wa maji ulikuwapo: barají ya Mwadingusha kwenye mto Lufira tangu mwaka 1930, na baadaye zile za Lualaba. Umeme wa hertz 50 tayari ulikuwa unalisha viwanda vya madini. Kuwaza kama Kandó lilikuwa jambo rahisi: treni ichukue umeme uleule. Mwaka 1952 kipande kati ya Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, na Tenke kikaanza. Reli ya umeme ya Kongo ikaendelea kukua mpaka kufika kilometa 858, na hakuna inchi jirani iliyokuwa na kitu kama hicho kwa muda mrefu.

Ila mawazo ya Kandó yalichukuliwa nusu. Yeye alitaka umeme mmoja kwa treni na kwa watu. Katanga ya wakoloni ilijenga umeme mmoja kwa treni na kwa madini. Vijiji vilivyokuwa chini ya waya vilibaki na taa za mafuta, na vingi mpaka leo vinaona waya zikipita tu.

Na nusu ile nyingine, ya kuangalia, nayo ilidhoofika. Kwa miaka ya vita na ya kukosa pesa, waya za shaba ziliibiwa, kabine zikachakaa, migodi ikaomba umeme zaidi na delestaji ikawa mazoea. Kampuni ya reli, SNCC, ikalazimika kutumia mashini za mazuti hata pale ambapo waya zilikuwa zinaning'inia juu.

Mwaka 2024 majirani wa Tanzania walianzisha treni ya umeme kutoka Dar es Salaam mpaka Morogoro, kisha Dodoma: volti 25.000, hertz 50, aina ileile. Mwaka uleule treni moja ilisimama njiani, na shirika la reli likaeleza kama ngedere na bundi ndio walioleta hitilafu kwenye waya. Watu walicheka. Lakini kwa waangalizi wa umeme haikuwa mchezo: mnyama mmoja kwenye waya anaweza kusimamisha treni, na kinachohesabika ni dakika ngapi zinapita mpaka waangalizi wajue ni kipande gani.

Milima ya Masisi na Walikale ina maji yanayoweza kutoa umeme, na Matebe kule Rutshuru imeonyesha tangu mwaka 2015 kama Kivu ya Kaskazini inaweza kufanya hivyo. Umeme ukifika siku moja kwenye kiwanda cha maziwa, kituo cha afya na nyumba za Ngungu kwa waya mmoja, swali la kwanza halitakuwa juu ya ukubwa wa turbini. Litakuwa swali lilelile la Valtellina na la Bánhida: nani amekaa kwenye kiti cha kuangalia, ana simu ya nani, na anamkata nani kwanza wakati umeme hautoshi.